Kufuta nafasi ya kazi hakumfuti mgonjwa: barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali za maveterani Marekani

Kwa Mheshimiwa Doug Collins, Waziri wa Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, Washington. Na kwa wajumbe wa kamati za Seneti na Baraza la Wawakilishi zinazoisimamia wizara hiyo.

KUH: UHABA WA WAHUDUMU KATIKA HOSPITALI ZETU

Mheshimiwa Waziri,

Naiandika barua hii kwa Kiswahili, na siombi radhi. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango ulioitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wageni waliokuwa nchini kihalali, hata wasio na kadi ya kijani, mradi wawe na ujuzi ambao jeshi lilikuwa limeukosa. Ujuzi wenyewe ulikuwa wa aina mbili: ama uwe daktari au muuguzi, ama uwe na lugha inayohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Taita, karo imenikaba koo, nikatahiniwa kwa simu na mama mmoja aliyenitaka nimsimulie jinsi mtu anavyopanda matatu kutoka Voi hadi Mombasa. Nikasimulia mpaka makanga na chenji yake. Nikafaulu, nikala kiapo, nikapewa uraia mafunzo yalipokwisha, na muda si mrefu nikajikuta Bagram, Afghanistan, nikitengeneza malori. Mlikihitaji Kiswahili changu, mkakilipia. Watafsiri mnao. Nina hakika wawili watatu kati yao nimewahi kula nao ugali kambini.

Kwa wasomaji wa nyumbani watakaoipitia barua hii, neno moja kabla sijaendelea. Marekani haina mtandao wa kitaifa wa hospitali za umma wa kila raia. Mwananchi wa kawaida hutafuta bima, na hospitali humpelekea bili. Ila kuna makundi machache yaliyojengewa hospitali zao na serikali kuu, na moja ni sisi tuliovaa sare. Wizara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo kila mtu huiita VA, ina hospitali zipatazo 170 na kliniki zaidi ya 1,000, na waliojiandikisha kutibiwa humo ni zaidi ya milioni 9. Daktari wa humo analipwa mshahara uliopangwa. Hapati senti ya ziada kwa kukuandikia kipimo usichokihitaji. Babu yangu alikwenda Burma na KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, akarudi na maumivu ya goti na medali, na hakuna aliyemtafuta tena kumuuliza kuhusu goti. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu asiyejua thamani ya alichopewa.

Nalianza hapo makusudi, Mheshimiwa, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tatizo la VA ni ubora wa matibabu. Mimi nimelala humo. Usiku mmoja pumzi ilinibana nikalazwa, na saa nane za usiku nesi akaja na kitoroli chake. Aliisoma bangili yangu ya mkononi kwa kile kimashine cha mwanga mwekundu, akasoma na pakiti ya dawa. Kompyuta ikamkatalia. Akasoma tena, ikakataa tena: kipimo kilichomo kwenye pakiti kilikuwa mara mbili ya kile alichoandika daktari. Akairudisha kwenye droo bila maneno, akapiga simu famasi, akaniambia nisubiri kidogo, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Upande mzima ule wa wodi ulikuwa wake na msaidizi mmoja tu.

Wazo la kusoma dawa kwa kile kimashine lilizaliwa VA. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 muuguzi wa Topeka, Kansas, jina lake Sue Kinnick, alimwona mhudumu wa gari la kukodi akilipokea gari kwa kusoma alama za mistari, akajiuliza kama gari linaweza kufuatiliwa hivyo, kwa nini kidonge kisiweze? Leo hospitali za nchi nzima, za umma na za binafsi, zinatumia wazo hilo. Lilitoka kwa muuguzi aliyekuwa na nafasi ya kufikiri. Hilo la nafasi ya kufikiri lishikeni, nitalirudia.

Na msinitegemee mimi peke yangu. Wanauchumi David Chan, David Card na Lowell Taylor waliwafuatilia maveterani wazee, wa miaka 65 na zaidi, waliochukuliwa na ambulensi. Wengine zikawapeleka VA, wengine hospitali za binafsi, kutegemea tu ambulensi ipi iliyoitikia simu. Waliopelekwa VA, uwezekano wao wa kufa ndani ya siku 28 ulikuwa pungufu kwa asilimia 46. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2023. Watu walewale, magonjwa yaleyale. Ukiwa mgonjwa mahututi unayejua takwimu hizo, utamsihi dereva akate kona aelekee kwetu.

Hata suala la foleni si jeusi na jeupe kama linavyosimuliwa. Naijua habari ya hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona. Mwaka 2014 iligundulika kwamba wakubwa wa hospitali ile waliweka orodha za siri ili ionekane wagonjwa hawasubiri, huku wapatao 1,700 wakiwa hawamo hata kwenye orodha rasmi ya kungoja. Waziri wa wakati huo, Jenerali Eric Shinseki, alijiuzulu mwezi Mei. Ilikuwa aibu, na walioficha walistahili kilichowapata. Lakini tujiulize walificha nini. Walificha kwamba wagonjwa walikuwa wengi kuliko madaktari. Kongresi yenyewe ililielewa hilo, ndiyo maana sheria iliyopitishwa Agosti mwaka huohuo ilitenga dola bilioni 10 za matibabu ya nje na bilioni 5 za kuajiri watu na kupanua majengo. Watu walipoajiriwa, foleni zikapungua. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba kufikia 2017 maveterani walikuwa wakisubiri muda mfupi kuliko wagonjwa wa kliniki za binafsi katika miji mikubwa, isipokuwa kwa madaktari wa mifupa.

Sasa tuje 2025, Mheshimiwa, mwaka wako wa kwanza ofisini.

Februari walifukuzwa wafanyakazi zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio, na kabla mwezi haujaisha wakafuata wengine 1,400. Mwezi huohuo kila mfanyakazi wa serikali kuu alipokea barua pepe ya kumtaka aorodheshe mambo matano aliyoyafanya wiki iliyopita. Hebu fikiria nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi akae chini aandike mambo matano. Machi ukavuja waraka wa kutaka kupunguza watu wapatao 80,000 ili wizara irudi ilivyokuwa 2019, kana kwamba sheria ya PACT ya 2022, iliyotupanulia haki ya kutibiwa sisi tuliovuta moshi na sumu jeshini, haikuwahi kutiwa saini. Julai ukatangaza kwamba hakutakuwa tena na ufukuzaji wa jumla, kwa sababu watu wanaondoka wenyewe: wizara ilikuwa na wafanyakazi wapatao 484,000 tarehe 1 Januari, ikabaki na 467,000 tarehe 1 Juni, na ilitarajiwa wapungue karibu 30,000 kufikia mwisho wa Septemba. Ulilitangaza hilo kama habari njema.

Wanaondoka wenyewe, kweli. Mtu akiishi na tumbojoto miezi sita, akiwa na leseni ya uuguzi inayotafutwa na kila hospitali ya mji, atakaa akisubiri nini? Na anayeondoka wa kwanza huwa ni yule mwenye pa kwenda, yaani aliye hodari.

Agosti, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara yako ilitoa ripoti yake ya kila mwaka. Hospitali zote 139 zilizohojiwa zilisema zina upungufu mkubwa wa watu katika kada moja au zaidi. Upungufu huo ulitajwa mara 4,434, ongezeko la asilimia 50 kutoka mwaka uliotangulia. Asilimia 94 ya hospitali zilisema zimepungukiwa vibaya na madaktari, asilimia 79 na wauguzi. Katika kada za tiba, iliyotajwa na hospitali nyingi kuliko zote ni ya wanasaikolojia, asilimia 57.

Wizara ikajibu kwamba ripoti hiyo si kipimo cha kuaminika, kwamba ni maoni tu ya wasimamizi wa hospitali. Nitakuwa mkweli: 4,434 si idadi ya viti vitupu. Ni jumla ya mara ambazo hospitali moja moja zimesema kada fulani imewaelemea. Lakini hao wanaosema ni nani? Ni mameneja wako mwenyewe. Wanaulizwa swali lilelile kila mwaka kwa sababu sheria inataka waulizwe. Mwaka mmoja wanajibu hivi, mwaka wa pili wanajibu vibaya zaidi kwa nusu, na jibu la Washington ni kwamba wana hisia? Jeshini, luteni akipiga redio kusema ameishiwa maji, hakuna kamanda anayemjibu kwamba hiyo ni rai yake.

Umesema pia, mara nyingi, kwamba madaktari na wauguzi hawakuguswa, kwamba nafasi zaidi ya 350,000 zilikingwa dhidi ya katazo la kuajiri. Hapa ndipo naona waliokushauri hawajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Kliniki zetu za kawaida zinaendeshwa na timu ya watu wanne: daktari au muuguzi bingwa anayeweza kuandika dawa, nesi, nesi msaidizi, na karani. Daktari mmoja wa kutwa hupangiwa wagonjwa wapatao 1,200. Mtoe karani, ukisema karani si mtabibu. Nani atapokea simu? Nesi. Nesi akiwa kwenye simu, nani atampigia mzee wa sukari kumuuliza ameamkaje? Hakuna. Mzee wa sukari atakuja kuonekana idara ya dharura akiwa na kidonda mguuni, na hapo gharama itakuwa mara kumi, na itahesabiwa kwamba VA ni ghali. Vivyo hivyo kwa anayesafisha vyumba vya upasuaji, anayetakasa vifaa, anayeagiza glavu. Daktari bingwa uliyemkinga atasimama na mikono iliyonawa vizuri, hana cha kushika.

Nilisema nitarudia ile nafasi ya kufikiri. Sue Kinnick alikuwa nesi wa VA aliyepata mwanya wa kuuona uwanja wa magari ya kukodi, akawaza, na akapata mtu wa kumsikiliza kazini. Nesi anayeziba pengo la karani na la mwenzake aliyeondoka hawazi chochote zaidi ya saa ya kutoka.

Halafu Desemba magazeti yakaandika kuwa wizara inapanga kufuta hadi nafasi 35,000 za afya, nyingi zikiwa zile ambazo hazikuwa na mtu. Nimeona watu wakilichukulia hilo kama jambo dogo: nafasi zenyewe zilikuwa tupu, nani ataumia? Mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Nafasi tupu ni deni lililoandikwa. Inasema: hapa palitakiwa mtu, na hatujampata. Ukiifuta, mgonjwa aliyekuwa ahudumiwe na mtu huyo hafutiki. Kinachofutika ni ushahidi. Mwakani Mkaguzi Mkuu akiuliza, upungufu utaonekana umepona, kumbe orodha ndiyo iliyokatwa. Phoenix walificha wagonjwa kwenye orodha za siri. Mkifuta nafasi bila kueleza ni za kada gani na hospitali gani, mtakuwa mmeficha wahudumu. Sioni tofauti kubwa.

Kuhusu kutibiwa nje. Sheria ya MISSION, iliyotiwa saini 2018, inaniruhusu kwenda kwa daktari wa binafsi kwa gharama ya VA ikiwa kliniki yetu iko zaidi ya nusu saa kwa gari, au miadi iko mbali zaidi ya siku 20. Kwa madaktari bingwa ni saa moja au siku 28. Siipingi. Veterani wa Montana au Alaska asiye na hospitali yetu hata baada ya kuendesha gari nusu siku aende kwa aliye karibu, na alipiwe bila kuzungushwa. Lakini angalieni mtambo unavyojiendesha: ukipunguza watu, miadi inasogea mbele, ikivuka siku 20, mgonjwa anatumwa nje, pesa zinamfuata huko, bajeti ya ndani inapungua, watu wanapungua tena. Hakuna anayehitaji kutangaza kwamba anafunga hospitali.

Na huko nje kuna nini? Bagram tulikuwa na shimo la kuchomea taka. Kila kitu kiliingia humo: matairi, plastiki, betri, taka za zahanati, na mafuta ya ndege ndiyo yaliyokuwa kiberiti. Moshi ulilala juu ya mahema asubuhi mpaka unaonja mate meusi. Kwa ajili yetu sisi tuliovuta moshi huo ndiyo Kongresi ikapitisha sheria ya PACT, ikatiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Basi nikatumwa kwa kliniki moja ya binafsi ya mapafu, ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa mpole na saa yake nzuri. Akaniuliza navuta sigara, nikamwambia hapana. Akaniuliza nafanya kazi mgodini, nikamwambia hapana. Nikamwambia nilikaa karibu na shimo la kuchomea taka, akaandika "moto wa takataka nyumbani". Nilipulizishwa ile bomba ya kupima pumzi, nikaambiwa majibu yatatumwa VA. Daktari wangu wa VA aliposubiri akachoka, akaniagizia kipimo kilekile upya, na serikali ikalipa mara mbili kwa pumzi zilezile.

Daktari yule si mjinga. Hakufundishwa, basi. Mtu wa VA huuliza ulikuwa wapi, mwaka gani, kikosi gani, kwa sababu wagonjwa wake wote ni sisi. Ujuzi huo haununuliwi kwa rufaa. Tangu Jenerali Omar Bradley alipoishika VA baada ya vita vya 1945 na kuziunganisha hospitali zake na vyuo vya udaktari, sehemu kubwa ya madaktari wa Marekani wamepitia humo mafunzoni. Mkizipunguza, mnapunguza na darasa. Hata yule wa kliniki ya binafsi mtamkosa miaka kumi ijayo.

Sasa la akili. Nalisema kwa shida, kwa sababu kwetu mwanamume haendi kwa daktari wa akili. Anaambiwa ajikaze, au aende akaombewe. Nilichelewa sana kwenda. Nilipokwenda, nilikaa vikao kadhaa nikizungumzia malori, na mwanasaikolojia akanivumilia tukazungumza malori, mpaka siku moja nikamwambia nilichokuja kumwambia. Mtu kama huyo akiondoka, anayekuja baada yake anapata faili. Hapati zile wiki za malori. Kuna wenzangu wamebadilishiwa mtaalamu mara kadhaa mpaka wakaacha kwenda. Wanasema hawawezi kumzika rafiki yao upya kila msimu. Mwaka 2022 maveterani 6,407 walijiua. Mmejenga namba ya simu ya dharura, 988 kisha unabonyeza 1, na ni kitu kizuri, nimempa namba hiyo mtu na iliitikiwa. Lakini namba ya simu ni ya usiku ule mmoja. Kesho yake asubuhi anahitajika mtu yuleyule, katika chumba kilekile, Jumanne hadi Jumanne. Na chumba kiwe na mlango: mlipowaamuru wataalamu waliokuwa wakifanya kazi kwa video kutoka nyumbani warudi ofisini mwaka 2025, baadhi yao walilalamika kwamba wamewekwa sehemu za wazi ambamo jirani anasikia. Wizara ilisema faragha imezingatiwa. Wekeni mlango tu, mjadala uishe.

Jambo moja linanishangaza kila nikitoka kanisani Jumapili. Uwanja umejaa wauguzi. Wakenya wenzangu katika nchi hii, ukitupa jiwe utampata muuguzi au anayesomea uuguzi. Massachusetts, Texas, Minnesota, ndio wanaowageuza wazee wenu vitandani usiku. Wengi wana kadi ya kijani na leseni kamili. VA hawaingii kirahisi, kwa sababu sheria inataka raia kwanza, na asiye raia huajiriwa pale tu raia mwenye sifa anapokosekana. Sawa, ndiyo sheria. Lakini asilimia 79 ya hospitali zinasema wauguzi wamekosekana! Mlango huo wa dharura umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Utumieni. Mwaka 2009 jeshi halikuona haya kutafuta wauguzi na madaktari miongoni mwa wageni ili liwapeleke vitani. Wawauguze basi walioumia.

Na hata kwa raia, acheni kumweka mtu miezi akisubiri karatasi za ajira wakati hospitali ya ng'ambo ya barabara inamwita aanze Jumatatu.

Kwa haki niseme na mazuri. Madai ya fidia yanashughulikiwa haraka kuliko zamani, na mwaka 2025 wizara iliweka rekodi ya idadi ya madai yaliyokamilishwa. Wengi wetu tumepata barua za asilimia zetu za ulemavu. Nashukuru. Ila barua inayosema mapafu yako yameharibika kwa asilimia fulani haiyapulizi mapafu. Hata wenzetu wanaorudi kuishi nyumbani wanalijua hilo. Aliyejenga Kitengela au Eldoret analipiwa matibabu ya lile tu lililotambuliwa kuwa limetokana na jeshi, presha na sukari ni juu yake. Hilo nalo lina barua yake siku nyingine.

Ninayoyataka si mengi.

Sheria ya MISSION, kifungu cha 505, inawataka mchapishe kila robo mwaka idadi ya nafasi zilizo wazi. Chapisheni na nafasi mlizofuta, hospitali kwa hospitali, kada kwa kada, pamoja na sababu. Karani wa miadi na fundi wa kutakasa vifaa wahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, wakingwe kama daktari anavyokingwa. Mgonjwa asitumwe nje kabla kliniki ya huko haijakubali kurudisha majibu kwa muda uliowekwa, na isipoyarudisha isilipwe. Mwanasaikolojia asihamishwe wala kuachwa aondoke bila wagonjwa wake kuambiwa mapema na bila makabidhiano ya ana kwa ana.

Kwenu waheshimiwa wa Kongresi, wa vyama vyote viwili: ninyi ndio mliopitisha PACT na kupiga picha na wajane. Mlipowaongezea mamia ya maelfu ya watu haki ya kutibiwa, mlijua kwamba haki hiyo ina mikono na miguu, nayo inalipwa mshahara. Msikubali kupewa jumla ya kitaifa, maana ndani ya jumla hospitali moja inaweza kufa bila kuonekana. Katika kikao kijacho cha kumhoji Waziri naomba mjumbe mmoja, yeyote, aulize hivi na asikubali kujibiwa kwa maandishi baadaye: ni nafasi ngapi za wauguzi, madaktari, wanasaikolojia na makarani wa miadi zilizokuwapo tarehe 1 Januari 2025 ambazo leo hazipo, na wagonjwa waliokuwa chini ya watu hao sasa wanaonwa na nani?

Wenu,
Aliyekuwa Sajini, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani
Mgonjwa wa VA